Wiki ya Bampa la Nyuma

Jumatatu

Nilifika duka la spea kabla halijafunguliwa. Wengine walikuwa wameshafika: dereva wa gari la watalii aliyetaka taa, mama aliyeshika kioo cha pembeni kilichovunjika, na kijana aliyetumwa na bosi wake bila kuambiwa anunue nini. Kijana alipiga simu foleni nzima. Bosi hakupokea.

Shida yangu mimi inajulikana. Nina Land Cruiser toleo la 80, la mwaka 1994, injini ya 1HZ ya dizeli, lita 4.2. Ndilo linalonifikisha kwenye visima vya Longido na Monduli ninakotengeneza pampu. Bampa lake la nyuma, lile lililotoka nalo kiwandani, ni chuma chembamba chenye pembe za plastiki. Pembe ya kushoto ilibaki Gelai. Ya kulia inashikiliwa na waya.

Nataka bampa la chuma la kubeba tairi la spea, la kushikwa na jeki, na la kuvutia gari likikwama. Nilimweleza kijana wa kaunta yote hayo kwa utaratibu. Akanisikiliza vizuri, akasema bampa lipo stoo, ila mwenye ufunguo wa stoo ameenda msibani. Msiba ni msiba. Nikakaa kwenye benchi na mama wa kioo.

Ufunguo ulirudi karibu na adhuhuri. Bampa likatolewa na vijana wawili, likawekwa chini kwa heshima zote. Lilikuwa jeusi, linang'aa, lina taa mbili ndogo na kulabu mbili nyekundu. "Hili linaingia gari zote, mzee wangu," akasema kijana. Nikainama, nikapapasa nyuma ya kulabu. Kila moja ilishikwa na nati kwenye pleti ya milimita tatu, na pleti yenyewe haikuwa na kitu cha kuiunganisha na chasisi. Ukifunga mkanda pale na gari jingine likavuta, kinachovutwa ni uso wa bampa tu. Nikamwonyesha. Akasema wateja wengi hawavuti.

Mimi navuta. Nilimshukuru, nikatoka, nikakuta karatasi ya maegesho kwenye kioo.

Jumanne

Leo ilikuwa zamu ya Unga Limited, kwa mafundi wa kuchomelea. Arusha ndiko magari ya utalii yanakokatwa katikati, yakarefushwa, yakawekewa viti na paa la kuinuka. Mikono inayojua chuma haikosekani. Kilichokosekana leo ni umeme, tangu alfajiri.

Fundi niliyeelekezwa alikuwa amekaa juu ya ndoo katikati ya mageti ya watu, anangoja. Na wenye mageti walikuwa wamekaa, wanangoja. Nikapewa ndoo yangu.

"Mimi nakupigia milimita sita, mzee," akasema. "Lori likikugonga, linaumia lenyewe." Ni ahadi inayovutia, na nimeona magari mengi mjini yakitembea na ahadi hiyo nyuma. Nikamwomba chaki, nikaandika sakafuni.

Chuma cha milimita sita kina kilo 47 kwa kila mita moja ya mraba. Cha milimita tatu kina kilo 23 na nusu. Bampa lenye uso, mbavu na pande zake hula mita moja na nusu ya mraba bila shida. La milimita sita basi linapita kilo 70 kabla hujatundika kitu. Tairi la spea na rimu yake ya chuma ni kama kilo 35. Dumu la lita 20 za dizeli ni kama kilo 20 nyingine. Na watu huweka madumu mawili.

Halafu uzito ulioko nyuma ya ekseli hauhesabiwi kama uzito ulioko ndani ya gari. Gari hili, kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma, ni milimita 2,850. Ukitundika kilo 100 mita moja nyuma ya ekseli ya nyuma, ekseli hiyo inabeba kilo 135, kwa sababu magurudumu ya mbele yamepunguziwa kilo 35. Ni bembea ya ubao: anayekaa mwisho kabisa humwinua mwenzake. Mbele panakuwa pepesi, usukani unapoteza mshiko kwenye kokoto, springi za nyuma zinalala, na taa usiku zinamulika miti badala ya barabara. Dereva analaumu tairi, analaumu shokapu, anabadilisha vyote. Bampa halishtakiwi.

Fundi alifuata hesabu hadi mstari wa mwisho. Akasema jambo hilo dogo, ataniongezea jani moja la springi. Toleo la 80 lina springi za koili.

Umeme ulirudi wakati nawasha gari. Mashine zote zikanguruma kwa pamoja, na hakuna aliyesikia kwaheri yangu.

Jumatano

Asubuhi nilikwenda kwa wakala wa mabampa ya nje. Hayo yana historia ya kuheshimika. ARB ya Melbourne ilianzishwa mwaka 1975 na Anthony Ronald Brown, na herufi tatu za jina hilo ni zake. Waaustralia wana umbali mrefu, vumbi na magari haya haya tunayotumia sisi, na bampa zuri la kwao limechorwa kwa ajili ya gari moja, linafungwa kwenye matundu ambayo kiwanda chenyewe kilitoboa kwenye chasisi. Hakuna la gari zote. Ningependa sana kuwa nalo.

Niliomba bei. Dada wa mapokezi akasema mwenye bei yuko kwenye kikao. Kikao kilikuwa nyuma ya mlango wa kioo, na nilimwona mwenye bei akila chapati. Bei ilipokuja ilikuja na wenzake: nauli ya meli, bima, ushuru, na VAT ya asilimia 18 inayopigwa juu ya jumla ya vyote hivyo. Bampa ni zito na lina umbo la kula nafasi, kwa hiyo nauli peke yake ilikuwa kubwa kuliko kazi nzima ya fundi wa hapa. Na kungoja ni miezi. Pampu hazingoji miezi.

Kwenye taa za barabarani, nikirudi, bodaboda ikanigonga nyuma. Si kwa nguvu. Waya uliokuwa ukishika pembe ya kulia ukakatika, na pembe ikaanguka. Kijana akashuka, akaiokota, akaipangusa kwa shati, akanikabidhi kwa mikono miwili. "Samahani, mzee." Nilimwambia aangalie mguu wake kwanza. Mguu ulikuwa mzima.

Pembe nimeiweka kiti cha nyuma. Foleni yote ilituona.

Alhamisi

Leo nitaandika kirefu, kwa sababu leo ndiyo sababu ya wiki nzima.

Pampu ya kijiji kimoja ng'ambo ya Kitumbeine ilikuwa imezima, na mifugo ilishaanza kupelekwa mbali. Niliondoka Arusha gizani. Lami ya Namanga haina neno. Baada ya kuiacha pale Longido, mvua ilikuwa imepita usiku, na ule udongo mweusi wa mbugani ukilowa haushiki tairi, unalivaa. Kwenye bonde dogo gari liliteleza, likakaa upande, na tairi la nyuma kushoto likatoka upepo juu ya jiwe lililojificha ndani ya tope.

Toyota waliweka tairi la spea la toleo hili chini ya sakafu ya nyuma, kwenye mnyororo, na unalishusha kwa kuzungusha mpini. Kwenye lami mpango huo sina ubishi nao: nafasi ya ndani inabaki, na uzito unakaa chini. Kwenye tope, gari likiwa limekalia tumbo, tairi linashuka sentimita chache tu, linakutana na ardhi, linasimama. Linalokuokoa liko chini ya linalokwama. Nililala kifudifudi na koleo.

Jeki ya chupa nikaiweka juu ya ubao. Ubao ukazama, jeki ikaufuata. Ninayo jeki ndefu, ile inayopanda kwa meno, na hiyo ndiyo jeki ya mahali kama pale, lakini inahitaji sehemu ngumu ya kushika. Bampa la kiwandani ukiliinua nalo linakunjika na gari linabaki lilipo. Nikaendelea na koleo. Vijana wawili waliokuwa na mbuzi wakaja, wakatazama kidogo, wakaacha fimbo zao, wakaanza kuchimba na mimi bila kuombwa.

Baadaye Fuso ikasimama. Dereva alikuwa mtu mwema na mwenye haraka. Alishuka na mkanda, akaupeleka moja kwa moja kwenye kile kichwa cha mviringo cha kufungia tela. Nikamwomba asifunge pale. Akakasirika kidogo. Lakini kichwa kile kimetengenezwa kukokota tela kwa mvuto wa polepole. Ukikinasa kwa mkanda unaonyumbuka na lori likaruka mbele, shina lake linaweza kukatika, na mkanda ukakirusha unapojikunja. Australia kimeshaua watu namna hiyo. Na pale walikuwepo wale vijana wawili, wamesimama nyuma ya gari langu, karibu kabisa, kwa sababu walitaka kuona.

Gari halikuwa na mahali pengine pa kufunga nyuma. Nilimwambia hivyo dereva. Akakunja mkanda wake, akanipa maji, akaondoka. Tukachimba.

Nilifika kisimani jua likiwa limeshuka. Madumu yalikuwa yamepangwa foleni ndefu ya njano, na wenye madumu wamekaa kivulini. Mama mmoja alikuwa pale tangu asubuhi. Alinisalimia kwa upole, akaniuliza kama nimekula. Hakuuliza nilikuwa wapi. Upole ule nimerudi nao hadi nyumbani, na sikulala vizuri.

Waya wa pampu ulikuwa umetafunwa na panya. Ilikuwa kazi ya dakika chache.

Ijumaa

Asubuhi ilikwisha kwenye kuosha gari. Mwosha magari alisema tope la namna hii lina bei yake. Alikuwa na haki.

Kisha duka la boliti, lenye mlango mmoja na mizani moja. Foleni ilifika nje, juani. Mbele yangu alikuwepo mzee aliyetaka nati moja tu, na alikuwa nayo mfano mkononi. Alihudumiwa kwa muda mrefu kuliko wote, maana nati ile ilikuwa ya meno ya zamani.

Nilitaka boliti za milimita 12, daraja la 10.9. Muuzaji akanipimia za kawaida, vichwa vyake vitupu bila alama. Nikazirudisha. Ile namba juu ya kichwa cha boliti naiheshimu kuliko rangi ya bampa lolote. Ya kwanza ukiizidisha kwa 100 unapata nguvu ya kuikata boliti, kwa nyutoni kwenye kila milimita ya mraba. Ya pili inakuambia ni sehemu gani ya nguvu hiyo boliti huvumilia kabla haijavutika isirudi tena. Ya 8.8 hukatika kwenye 800, na huanza kuharibika kwenye 640. Ya 10.9 ni 1,000 na 900. Isiyo na alama haikuambii kitu, na kwenye kamba ya kuvutia gari la tani mbili na zaidi sitaki kitu kinachonyamaza.

Muuzaji alipekua makopo, akazipata, zikiwa na vumbi la miaka. Alisema huwa haziulizwi. Watu nyuma yangu walikuwa wameanza kuguna.

Jioni nikaelekezwa kwa fundi mwingine, mtu mzima, anayefanya kazi chini ya mparachichi nyuma ya nyumba yake. Hakuna kibao. Nilimpita, nikarudi, nikaulizwa na kila mtoto wa mtaa natafuta nani.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba. Gari linavuta nini?"

Hakuna aliyekuwa ameniuliza hilo wiki nzima. Nilipomjibu, hakuleta picha wala hakutaja milimita. Alitandika gunia, akaingia chini ya gari, akagonga mwisho wa chasisi kwa spana, kushoto na kulia, akisikiliza kama kuna kutu. Alikaa kule chini hadi chai yake ikapoa. Alipotoka akasema chasisi ni nzima, na kazi inaanzia pale.

Tulizungumza hadi giza. Nikasahau kwamba sijala.

Jumamosi

Nimeamua, na naandika hapa ili nisishawishiwe barabarani.

Kila upande wa chasisi utapata pleti za milimita nane, ndani na nje, zikifungwa kwa boliti kwenye matundu yaliyopo. Ndani ya chasisi, mahali boliti inapopita, kunaingia kibomba kifupi kigumu, ili boliti ikikazwa kuta za chasisi zisibonyee. Fundi hatachomelea kitu kwenye chasisi yenyewe. Moto hubadilisha chuma kinachobeba gari zima, na kilichochomelewa hakifunguki siku bampa likipinda. Hilo alilisema yeye kabla sijalisema mimi, na hapo ndipo nilipotulia.

Mwili wa bampa ni bomba la mstatili, milimita 100 kwa 50, unene wa nne. Uso wa nje ni milimita tatu tu. Pembe zitakatwa kwa kupanda, ili gari likitoka korongoni nyuma isichimbe ardhi. Chini kutakuwa na matundu ya kutolea maji na tope, maana sanduku la chuma lililozibwa huozea ndani huku nje likimetameta. Jumla, pamoja na mkono wa kubebea tairi la spea, haitapita kilo 55.

Masikio ya kuvutia ni mawili, ya pleti ya milimita 20. Hayabandikwi usoni. Yanapenya bomba lote na kuchomelewa mbele na nyuma, yakiwa yamenyooka na chasisi, yapokee pingu ya chuma ya tani 4.75. Karibu nayo kuna nafasi mbili za kushika jeki ndefu. Vijiti vya kuchomelea hapo ni 7018, vilivyokaa pakavu. Vile vya 6013 vinavyotumika kwenye mageti vitamalizia sehemu za urembo. Na kabla mashine haijawashwa, terminali hasi ya betri inatolewa, altaneta isipate madhara.

Mkono ni mmoja, wa tairi. Madumu ya dizeli nimeyakataa. Tangi la gari hili ni lita 95, na linanipeleka na kunirudisha. Mkono utafunguka kupita mlango wa chini wa nyuma, na utakuwa na pini ya kuushika ukiwa wazi, kwa sababu gari halisimami mahali tambarare siku ya pancha. Namba ya njano nayo inahamia kwenye mkono pamoja na taa yake. Tairi likiifunika, askari ana haki ya kunisimamisha, na mimi sina la kujibu.

Bawaba ya mkono huo ndiyo iliyotukalisha kikao kirefu. Mkono unaozunguka kwenye boliti tupu hulegea ndani ya miezi michache ya barabara ya matuta. Unaanza kugonga, kisha unashuka, kisha haufungi. Fundi anataka ekseli fupi ya tela dogo, isimamishwe wima, na beringi zake mbili za koni, grisi, na kizuia vumbi. Hukazwa tena zikilegea. Ni kifaa kilichozaliwa kubeba uzito na mitetemo, na bei yake si kubwa.

Asubuhi nilipopeleka malipo ya mwanzo, kijana wake alikuwa akichomelea bomba lililopakwa zinki, geti la mtu, akiwa na pakiti ya maziwa pembeni. Wengi wanaamini maziwa huosha kifua. Moshi wa zinki humtia mtu homa na kutetemeka usiku, na maziwa hayafiki kwenye mapafu. Nilimwomba akwangue zinki kwanza, kisha asogee upepo unakotokea. Fundi akamwambia vivyo hivyo kwa sauti kubwa zaidi. Kijana akasogea. Maziwa akanywa, na ni chakula kizuri.

Mama watoto aliuliza kwa nini bampa linagharimu kuliko friji tuliyoahirisha. Nikamweleza habari ya wale vijana wa mbuzi waliosimama nyuma ya gari. Alinyamaza, akasema friji itangoja.

Mchana nikazunguka maduka yote ya spea kutafuta ekseli ya tela. La kwanza lilikuwa limefungwa kwa hesabu ya bidhaa. La pili lilikuwa na beringi bila ekseli. La tatu lilikuwa na ekseli iliyopinda, na muuzaji akaniambia itanyooka ikishafungwa. Nikaishika mkononi kwa muda. Haitanyooka.

Fundi ameshakata pleti na kutoboa. Anaweza kuanza kufunga Jumatano, kila kitu kikiwepo. Kwa hiyo namwomba msomaji yeyote wa Arusha, au wa Moshi, maana basi la asubuhi linafika mapema: kama una ekseli fupi ya tela dogo, imenyooka, beringi zake nzima, usiipeleke kwa wanunuzi wa chuma chakavu kabla hujaniuliza. Nitalipa taslimu, na nitaifuata mwenyewe.